Chumvi ya Ivuna na Makabila Yaliyopotea

Yako maradhi ya siku nyingi katika uandishi wa tarehe za Afrika ya Mashariki, nayo ni kulitafutia kila jambo jema asili ya mbali. Likionekana tanuri la kuyeyushia chuma, huulizwa limeletwa na nani. Ikionekana desturi ya kutenga vyakula, au ya mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu, hufunguliwa Torati mara moja, na kutangazwa kwamba limepatikana mojawapo la makabila ya Israeli yaliyopotea. Dhana hii huvaa joho la dini na joho la elimu kwa pamoja, na kwa hiyo wengi huona haya kuipinga. Lakini haistahili heshima hiyo, kwani inawadhulumu watu wawili kwa mpigo mmoja: Mwafrika hunyang'anywa kazi yake, na Myahudi wa kale hunyang'anywa maisha yake ya kweli.

Walioieneza wanajulikana. Mwaka 1871 Karl Mauch alifika Great Zimbabwe, akayahusisha magofu yale na Malkia wa Sheba. Mwaka 1902 Carl Peters, yule yule aliyekusanya mikataba ya hila huko Usagara mwaka 1884, alichapa kitabu cha kuitafuta Ofiri ya Sulemani katika nchi za Zambezi. Mwaka 1904 Moritz Merker, afisa wa jeshi la Wajerumani, aliandika kwamba Wamasai na Waebrania wa kale ni wa asili moja. Na mwaka 1930 C. G. Seligman alifundisha kwamba ustaarabu wa Afrika ni kazi ya Wahamiti. Udongo ulikuwa umekwisha kuwajibu: Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichimba Zimbabwe wakaona bayana kwamba waliojenga ni Waafrika. Jibu hilo halikupokelewa kwa furaha, maana waliotaka kutawala hawakupenda kusikia kwamba mtawaliwa alijua kujenga.

Hebu na itazamwe hoja yenyewe. Husemwa kwamba desturi za kabila fulani zafanana na desturi za Wayahudi wa kale. Ni Wayahudi gani hao? Mlinganishaji hachukui kitu ila kitabu, akadhani kwamba kila Myahudi wa kale aliishi kama kitabu kilivyoagiza. Waliochimba wameona mengine. Katika kisiwa cha Elephantine, kusini ya Misri, waliishi askari wa Kiyahudi waliotumikia dola ya Uajemi katika karne ya 5 K.K. Barua zao za mafunjo zimesalia. Watu hao walikuwa na hekalu lao la Mungu wao, waliyemwita Yaho, ingawa Torati yaagiza mahali pamoja tu pa sadaka. Na katika orodha ya michango yao limo fungu la Yaho, na mafungu ya Eshembethel na Anathbethel pia. Mwaka 419 K.K. walipelekewa barua ya kuwaelekeza namna ya kuishika sikukuu ya mikate isiyotiwa chachu. Mwaka 410 K.K. hekalu lao likabomolewa, nao wakaomba ruhusa ya kulijenga tena.

Wala si huko peke yake. Huko Kuntillet Ajrud, katika jangwa la Sinai, palichimbwa mwaka 1975 na 1976 mitungi ya karne ya 8 K.K. iliyoandikwa dua kwa jina la Yahweh na Ashera wake. Huko Dura-Europos, ukingoni mwa mto Frati, lilifukuliwa mwaka 1932 sinagogi ambalo kuta zake zilichorwa picha za watu tele, karibu na mwaka 244 B.K. Na huko Beth Alpha sakafu ya sinagogi la karne ya 6, iliyogunduliwa mwaka 1928, ina nyota za buruji kumi na mbili, na katikati yake jua limepanda gari la farasi. Dini ile iliishi. Ilibishana, ilijifunza kwa majirani, ilijirekebisha. Anayeitumia kama mizani isiyobadilika, apate kuwapimia Wanyiha au Wanyamwanga, ameshika mizani ambayo haikuwapo duniani.

Sasa na itazamwe nchi ya Songwe. Kusini ya ziwa Rukwa, katika wilaya ya Momba, ziko chemchemi za chumvi za Ivuna. Brian Fagan na John Yellen walichimba hapo katika miaka ya 1960, wakakuta mabaki ya makazi na vigae vya vyungu vya watu waliofanya kazi ya chumvi yapata karne ya 13 hata ya 15. Kazi hiyo si ya kubahatisha: udongo wenye chumvi huchujwa kwa maji, na maji yake huchemshwa hata yakauke. Huko Mbozi nako Wanyiha waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo marefu kuliko kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe pasipo mivuo. Kisha chuma kikasafishwa katika tanuri dogo. Habari za kazi hiyo ziliandikwa na watafiti katika miaka ya 1960. Na katika nyanda hizi zilizo kati ya Tanganyika na Nyasa, tanuri lilikuwa pia mahali pa ibada: liliwekewa dawa, na wafua chuma walishika miiko. Hapo ndipo penye maisha ya dini ya kale ya kuchunguzwa. Mbozi kuna chuma kimoja tu kilichotoka ugenini, nacho ni kile Kimondo kilichoanguka kutoka mbinguni. Kilichobaki kilitolewa ardhini kwa mikono ya wenyeji.

Watetezi wa dhana hii watawataja Walemba wa Zimbabwe na Afrika ya Kusini. Ni haki kuwajibu. Uchunguzi wa damu uliochapishwa mwaka 1996 na mwaka 2000 ulionyesha kwamba sehemu ya mababu wa kiume wa Walemba walitoka Mashariki ya Kati. Lakini ushahidi huo ulipatikana kwa kupima, haukupatikana kwa kulinganisha miiko. Na babu aliyevuka bahari haigeuzi chumvi ya Ivuna kuwa ya Sulemani. Tena wako Abayudaya wa Mbale, Uganda. Semei Kakungulu aliishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 kwa kuisoma Biblia na kuamini. Wafuasi wake wameidumisha kwa zaidi ya miaka 100 pasipo haja ya kuzua nasaba. Dini yataka imani. Haidai mifupa ya uongo.

Atakayesema kwamba hili ni gomvi la vitabuni na aikumbuke Rwanda. Watutsi waliambiwa na wasomi kwamba ni Wahamiti waliotoka kaskazini, na mwanzo iliitwa sifa. Tarehe 22 Novemba 1992 Léon Mugesera alihutubia watu akisema warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilielea katika mto Kagera hata ziwa Viktoria. Ndipo ilipoonekana kwamba anayepewa asili ya mbali leo, kesho aweza kuambiwa arudi huko.

Kazi inayowangoja wanafunzi ni nyepesi kutajwa, ngumu kutendwa. Mavi ya chuma yaliyotapakaa Mbozi yaandikwe mahali yalipo kabla jembe halijayafukia. Majina ya kazi ya chumvi yakusanywe katika Kinyamwanga na Kinyiha wangali wapo wanaoyajua. Na atakayetaka kuwajua Wayahudi wa kale na ajifunze Kiebrania na Kiaramu, akawasome Elephantine walipoishi, asiwatafute Tunduma ambako hawakufika.