Tamko la Wakulima wa Pamba Kuhusu Mbegu Zinazokinza Maradhi ya Miche

Sisi, wakulima wa pamba wa Kanda ya Magharibi ya Tanzania, kwa azimio la mkutano mkuu wa chama chetu, tunaufahamisha umma na mamlaka zinazohusika yafuatayo:

1. Msimu wa pamba huharibika ungali mchanga. Mche ulioota vizuri Novemba husinyaa shina usawa wa ardhi, ukalala. Hicho ni kinyausi, maradhi ya kuvu waishio udongoni, na hukithiri ardhi ikilowa mno. Bakteria wanaoshambulia miche nao husafiri na mbegu yenyewe. Mkulima hurudishia mapengo mara moja, hata mara mbili. Baada ya hapo mvua haimsubiri.

2. Kinga ya kudumu imo ndani ya mbegu. Watafiti wa Ukiriguru, kituo kilichozipa mbegu zetu herufi UK, walizalisha aina zinazostahimili bakteria na mnyauko fusari. Kazi hiyo haina njia ya mkato: mimea huchavushwa, uzao wake hupandwa palipo na maradhi, inayoanguka huachwa, inayosimama huvunwa mbegu na kupandwa tena, kizazi baada ya kizazi. Kinyausi ni kigumu zaidi, kwani hakuna aina ya pamba inayokikinza kikamilifu. Linalowezekana ni kuchagua koo zenye miche ya haraka na yenye nguvu. Ugumu huo unadai juhudi kuongezwa, wala hauhalalishi kuachwa.

3. Lakini biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi miaka ya 1990, mipaka ya kanda za mbegu, yaani maeneo yaliyotengewa kila aina, ililegea, nazo mbegu zikachanganyika katika viwanda vya kuchambua pamba. Tunalisema hili kwa uchungu: jasho la watafiti wa vizazi viwili laweza kupotelea katika gunia moja.

4. Kwa hiyo chama kinatamka kwamba ustahimilivu wa miche ni haki ya mkulima, na upimwe kwa uzito uleule wa wingi wa nyuzi kabla ya aina mpya kuidhinishwa. Majaribio yafanyike pia katika mashamba yetu, ya udongo mzito wa mbuga na ya kichanga.

5. Wanachama watatenga vipande vya ardhi kwa majaribio hayo, watahesabu miche iliyoota na iliyosalia, na watang'oa na kuchoma masalia ya pamba kwa wakati. Mbegu isiyo na lebo ya ukaguzi haitapokelewa ghalani mwetu; itarudishwa ilikotoka, magunia yakiwa hayajafunguliwa.