Sikio la Pili Si la Ziada



Mwenzetu mmoja wa idara ya ufumaji alikuwa ameharibika sikio la kulia kwa kelele za mitambo. Siku moja gari la kunyanyulia marobota lilirudi nyuma likipiga honi. Honi aliisikia, ila hakujua inatoka wapi, akarukia kulekule lilikokuwa likija. Mguu ukavunjika. Msimamizi akaandika kuwa ni uzembe wake. Sisi tuliokuwepo tunakataa hadi leo.

Mtu hujua upande wa sauti kwa masikio mawili. Sauti ya kushoto hulifikia sikio la kushoto kwanza, tena kwa nguvu zaidi, maana kichwa hulikinga la kulia. Tofauti hiyo ya muda haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huikamata.

Siku hizi kuna kifaa cha kupandikizwa. Waya mwembamba huingizwa ndani kabisa ya sikio na kupeleka umeme kwenye mshipa wa fahamu. Kiziwi aliyewekewa kimoja huweza kufuata mazungumzo, ila kujua sauti inatoka kushoto au kulia humshinda. Akiwekewa viwili hutambua vizuri zaidi. Hata hivyo hamfikii mwenye masikio mazima, kwa sababu vifaa humpa tofauti ya nguvu ya sauti, ile ya muda hupotea njiani.

Huko Uingereza, mwongozo wa matibabu wa mwaka 2009 uliruhusu watoto viziwi wapewe viwili, mtu mzima kimoja, isipokuwa awe kipofu au ana ulemavu mwingine unaomfanya ategemee mno kusikia. Ulipopitiwa upya mwaka 2019 jambo hilo halikuguswa. Nchi tajiri nayo inabania sikio la pili! Sisi je, ambao hata kimoja hatukiwezi kwa mishahara hii?

Tajiri hutuambia tuvae viziba masikio. Tuvae, vinasaidia. Lakini navyo huvuruga upande wa sauti, na honi ni ileile. Mkataba nambari 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unataka kelele ziondolewe kwanza kwa njia za kiufundi. Vifaa vya kuvaa vinafuata pale njia hizo zisipotosha. Basi mitambo ipunguzwe kelele, njia ya magari itenganishwe na ya watu, na taa ya kumetameta iongezwe juu ya honi.

Makatibu wa matawi walete majina ya wote walioharibika sikio, hata moja, kabla ya mazungumzo ya mkataba mpya kuanza.