Sahani, Kanda na Simu: Neno Limepotelea Wapi?

Mwezi uliopita nilikuwa Thika kwa harusi ya mtoto wa ndugu yangu. Baada ya sala ya Ijumaa tulirejea Majengo, tukakaa barazani, wazee wa pwani tuliotawanyika bara pamoja na vijana waliozaliwa huko huko. Mazungumzo yakaangukia taarabu, na taarabu ikazusha ubishi. Mzee mmoja akashikilia kuwa sauti ya kweli imo katika sahani za santuri tu, mengine yote ni uwongo. Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, "Lakini babu, simu haina mikwaruzo." Nikatakiwa mimi nihukumu. Sikuweza, maana niliona wote wawili wanabishania kikombe, wala hakuna aliyeuliza maji yamechotwa kisima gani.

Basi tukafanya jaribio. Mwenye nyumba alikuwa na sidii ya marehemu Zein l'Abdin, ile iitwayo The Style of Mombasa, iliyotolewa na GlobeStyle mwaka 1990. Alikuwa pia na kanda aliyoinakili mwenyewe kutoka sidii hiyo. Na kijana wetu alikuwa na wimbo uo huo katika simu: mtu alikuwa ameunasa kwa simu yake mbele ya spika, akautuma kama ujumbe wa sauti. Wimbo mmoja, njia tatu.

Katika sidii tulisikia risha inagusa uzi kabla uzi haujalia. Kwenye kanda ulikuwapo uvumi, kama mvua ya mbali, lakini udi ulibaki na tumbo lake. Simu kweli haikukwaruza, hata kidogo. Ila risha hatukuisikia tena, na dumbaki ikawa kama kofi linalopigwa nyumba ya jirani. Kijana alinyamaza. Mzee naye nilimwambia asishangilie, kwani sahani ya santuri haikushindana siku hiyo, na sahani iliyochakaa chini ya sindano butu haina la kujivunia.

Sababu zake si uchawi. Kanda ya kaseti hutembea chini ya sentimita 5 kwa sekunde, ilhali kanda kubwa za studio zilikuwa zikienda hata sentimita 38; ndiyo maana uvumi wa kaseti husikika, na kila nakala ya nakala huuongeza. Sidii huipima sauti mara 44,100 katika kila sekunde. Simu nayo huibana sauti ili iwe nyepesi, ikitupa zile sehemu ambazo sikio laaminiwa halitazikosa. Ikibanwa kwa kiasi, wengi wetu hatujui tofauti, nami nakiri simo katika wajuzi. Lakini ujumbe wa sauti umetengenezewa mazungumzo, haukutengenezewa udi, na ukirudiwa mkono kwa mkono hubaki mifupa.

Wala tusidhani kwamba cha zamani lazima kiwe kibovu. Bibi Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Kurekodi kwa umeme kulikuwa kumeanza miaka mitatu tu nyuma. Kabla yake watu waliimba mbele ya pembe. Upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu na kitu, hivyo nyimbo zilikatwa zitoshe. Lakini sahani nzima ikipatikana leo, maneno yanasikika. Linganisha na baadhi ya taarabu za siku hizi, ambazo vinanda vya umeme vimejazwa mpaka mwimbaji hana pa kusimama, kisha zikapandishwa sauti kushinda besi ya matatu za barabara ya Thika. Hapo hata chombo cha bei gani hakisaidii.

Nasema maneno kwa sababu taarabu ni utungo kwanza. Sisi tuliopitia chuoni twajua maalimu alivyotukalisha juu ya herufi moja mpaka itoke makhraji yake. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri aliporekodi Kur'ani yote kwa tartili mwaka 1961, faida kubwa ilikuwa ni hiyo: mwanafunzi aliye mbali apate kusikia kila herufi ilivyo. Na Kimvita kina yake. Paa la nyumba na paa wa mwituni huandikwa sawa, lakini yule wa mwituni ana pumzi kidogo midomoni, na yule wa nyumba hana. Pumzi hiyo ndiyo ya kwanza kufa katika nakala mbaya.

Mimi limenifika. Mwaka 1984 marehemu shangazi yangu aliimba utungo wake mwenyewe katika harusi Mombasa, nasi tukaweka redio kaseti mbele ya spika, kama ilivyokuwa desturi. Ilikuwa kanda moja tu. Miaka kadhaa iliyopita jamaa zetu waliipeleka duka fulani iingizwe katika kompyuta. Wakapewa faili, wakaridhika, kanda ikatupwa. Faili hilo limebanwa vibaya, na halina pa kurudia.

Majirani zetu wametutangulia. Thika inapakana na Murang'a, alikozaliwa Joseph Kamaru, aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu wake, mwanamuziki anayejiita KMRU, amezitoa upya nyimbo za babu yake. Kwetu kuna mfululizo wa Zanzibara, ulioanza 2005, nao ni kazi njema ya mashirika ya Ufaransa. Kanda za harusi zimo makabatini mwetu, si Ufaransa. Mwenye nayo aitafutie fundi anayejua kusafisha kichwa cha mashine, aombe faili lisilobanwa, na akisha airudishe kanda kabatini.

Faili la shangazi nalisikiliza mara kwa mara. Karibu na mwisho kuna neno moja, limesimama peke yake bila ya kivumishi cha kunisaidia, na fumbo lake lakubali maana zote mbili. Kila mmoja ukooni ana yake. Nimeliweka kwenye spika kubwa, nimeliweka masikioni, na hadi leo sijui shangazi alisema paa yupi.