Ua Lako Haliishi Toronto

Wasee, kabla ushike jagi ya maji leo, jibu swali moja: hilo ua lako limetoka wapi? Simaanishi ulilinunua wapi. Namaanisha kwao ni wapi, msitu gani, mvua ya aina gani. Kama hujui, hayo maji unamwaga kwa kubahatisha, na mimi naamini kubahatisha kunamaliza maua mengi kwa keja zetu kuliko wadudu.

Msimamo wangu sitauzungusha: vijana wa Nairobi, Nakuru na Mombasa tunatunza maua ya nyumba kwa kalenda ya watu wengine. Tunafungua simu, msee wa Toronto au London anatuambia tuweke chungu kwa dirisha la kusini, tunyunyizie majani kila asubuhi, tumwagilie kila Jumapili. Tunafuata kama amri. Miezi miwili baadaye shina limelainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na unaanza kuambia watu ati huna mkono wa mimea. Mkono wako uko sawa kabisa. Ni ule ushauri haukuandikiwa mtaa wako.

Chukua ZZ, lile ua la majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Liko kwa ofisi za Westlands, liko kwa saluni, liko kwa kila vidio ya mtu anayehamia keja mpya. Wengi wanadhani limetoka Ulaya, na bei yake inafanya hiyo hadithi iaminike. Jina lake kamili ni Zamioculcas zamiifolia, na kwao ni huku: Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, kushuka Malawi, Msumbiji na Zimbabwe hadi mashariki mwa Afrika Kusini. Wazungu waliliandika kwa vitabu vya mimea tangu karne ya 19, lakini lilikuja kuwa biashara kubwa karibu mwaka wa 1996, wakulima wa Uholanzi walipoanza kulizalisha kwa wingi. Yaani ua la kwetu lilipanda ndege, likapewa jina fupi la kisanii, ndiyo sisi tukaanza kulitambua.

Na hii inakuhusu aje wewe na bedsita yako ya Roysambu? Inakuhusu kwa sababu kwao ndiko kunaeleza vile linataka kutunzwa. Kule linakomea kuna msimu wa mvua, halafu kuna kiangazi. ZZ likajifunza kuweka akiba. Ukilitoa kwa chungu utakuta chini kuna vitu vinono kama viazi. Hiyo ndiyo tangi yake. Kila mtu anayeishi ploti ya maji ya mgao anajua kazi ya tangi: unajaza maji yakija, unatumia polepole yakikatika. Sasa wewe unajaza tangi iliyojaa, kila Jumapili, halafu unashangaa mbona chini kunaoza.

Kwa hivyo sahau Jumapili. Chukua kijiti cha mshikaki, kidumbukize hadi chini ya chungu, kitoe. Kama kimetoka na udongo umeshikilia, enda ukafue nguo, leo hakuna kazi hapa. Kama kimetoka kikavu kabisa, mwagilia vizuri hadi maji yatokee chini, kisha uache. Kwa keja ya kawaida Nairobi, ZZ linaweza kukaa wiki tatu au nne hivi bila maji na lisikulaumu. Shina likianza kukunjamana, hiyo ni kiu. Majani yakigeuka manjano huku udongo ukiwa na maji, umezidisha. Hizo ishara mbili usizichanganye, maana wengi wakiona manjano wanaongeza maji, na hapo ndipo mambo huisha.

Tukuje kwa majira. Msee wa Toronto ana miezi ya theluji. Nyumba yake inapashwa joto na mashine, hewa inakauka, ndiyo maana ananyunyizia majani. Jua lake hupita upande wa kusini mwaka mzima, ndiyo maana anakwambia dirisha la kusini. Sisi Nairobi tuko karibu kabisa na ikweta. Jua letu hupita upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi Septemba, kisha linahamia kusini. Dirisha linalounguza majani huku ni la mashariki au la magharibi, hasa lile la magharibi linalopigwa na jua la saa tisa. Hapo weka pazia jepesi, ama sogeza chungu hatua moja au mbili ndani.

Na baridi yetu ni Juni hadi Agosti. Usiku wa Julai, Nairobi hushuka hadi karibu digrii 12, na keja zetu hazina mashine ya joto. Ua la nchi za joto likisikia hiyo baridi linapunguza mwendo, halikui sana, halinywi sana. Udongo unabaki na maji siku nyingi. Huo ndio wakati wa kupunguza maji, na ndio wakati vidio nyingi za ng'ambo zinakwambia uongeze, kwa sababu kwao ni kiangazi. Msee wa Mombasa naye ana hadithi tofauti: joto, hewa yenye unyevu, chungu kinakauka haraka. Kama hata Nairobi na Mombasa hazifanani, Toronto inaingilia wapi?

Kuna kitu kingine hakuna mtu wa ng'ambo atakwambia: maji ya borehole. Ploti nyingi Nairobi zinatumia hayo maji, na sehemu nyingi yana floridi nyingi. Ni floridi hiyo hiyo inayotia meno madoa ya kahawia. Dracaena na spaida planti haziipendi kabisa. Ukiona ncha za majani zinakauka kahawia na umefanya kila kitu sawa, shuku mfereji. Dawa yake ni bure: mvua ikinyesha weka ndoo nje.

Udongo pia. Ule mwekundu wa Kiambu ni mtamu shambani, lakini ndani ya chungu unashikana kama tofali, na ule mweusi wa mfinyanzi ni noma zaidi. Changanya na mchanga mkubwa au maganda ya mchele, ama yale mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa pande za Naivasha. Na chungu lazima kiwe na tundu chini. Chungu kizuri bila tundu ni bakuli la supu.

Najua kuna wenye watasema, "Lakini hao watu wa ng'ambo ndio wamenifunza kila kitu." Sawa. Kutambua wadudu, kubadilisha chungu, kupanguza vumbi kwa majani, hayo hayana nchi na wanayafunza vizuri. Sina shida nao, wanaongea na watu wao. Shida yangu ni sisi watengenezaji wa vidio wa hapa. Tunachukua maneno yao, tunaweka sauti yetu juu, na hatubadilishi hata mwezi. Mtoto wa chuo akitumia doh ya chakula kununua monstera, ambayo kwao ni misitu yenye unyevu ya Mexico hadi Panama, anastahili kuambiwa ukweli kuhusu chumba chake. Ukiishi ghorofa ya chini Pipeline, pale ploti zimebanana hadi mchana unawasha taa, monstera itanyong'onyea. ZZ litavumilia mwanga hafifu, lakini giza totoro halivumiliki hata nalo. Kama huwezi kusoma gazeti hapo mchana bila taa, ua lipeleke kwa korido.

Wengine watasema maua ni mambo ya watu wa Kilimani. Ati? Shosho zetu walipanda maua kwa mikebe ya Kasuku, wakapamba veranda nzima, na hakuna aliyewauzia chungu cha seramiki. ZZ unaweza kulipata kwa jani moja tu. Omba rafiki jani, liache siku moja au mbili kidonda kikauke, lichomeke kwa udongo mwepesi wenye unyevu kidogo, kisha uwe na subira ya kweli. Chini litatengeneza kiazi kwa miezi kadhaa, na chipukizi la kwanza linaweza kuchukua hata mwaka. Nunua kubwa kama una haraka na una pesa. Ila usiende kung'oa msituni Pwani ukauze mtandaoni, hiyo misitu imebaki kidogo sana.

Tahadhari moja kwa wenye watoto wadogo na paka: usiache watafune ZZ. Lina chembechembe zinazowasha mdomo na koo. Liweke juu, nawa mikono ukimaliza kulikata.

Jumamosi hii ukipita kwa wauza miche wa Ngong Road au Kiambu Road, usianze na bei. Muulize muuzaji vitu vitatu: hili ua kwao ni wapi, hapa kwako umeliweka kivulini au juani, na mara ya mwisho kulimwagilia ilikuwa lini. Wengi wa hao wasee wanalea hizo miche mwaka mzima, mvua na baridi ya hapa hapa wanaijua. Majibu yao yatakusaidia kuliko vidio kumi za Toronto, na zangu pia ukiziweka hapo.