Tangazo Lisilo na Bei ni Kitendawili

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilitungwa katika ulimwengu ambamo mnunuzi alipita mbele ya bidhaa, akaitazama, akaionja, kisha akauliza bei. Ulimwengu huo unatoweka, na mahali paliponifunza hivyo ni Taru.

Taru ni kituo kidogo katika eneo la Kinango, Kaunti ya Kwale, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, baina ya Samburu na Mackinnon Road. Zamani bidhaa za hapo zilijiuza kweli: lori lilisimama, dereva akashuka, akaonyeshwa asali. Reli mpya ilipoanza kubeba abiria mwaka wa 2017 na mizigo mwaka wa 2018, wafanyabiashara wa vituo vya barabara hii walilalamika kwamba wateja wamepungua. Lilikuwa funzo chungu: mteja mpita njia anaweza kuondolewa na uamuzi uliopitishwa mbali. Muuzaji wa Taru hana budi basi kumfuata mnunuzi aliko, na siku hizi yuko kwenye simu, katika Facebook na WhatsApp.

Hata hivyo, kufika huko si kusikika. Hivi karibuni mama mmoja wa Taru, muuza asali, alinionyesha tangazo aliloandikiwa na mwanawe aliye shule ya upili. Lilikuwa la Kiingereza, limesheheni sifa: bora, safi, ya kipekee. Picha ilitolewa katika intaneti, nayo ilionyesha mtungi wa kioo ambao mama huyo hajapata kuumiliki. Bei haikutajwa, msomaji aliambiwa aulize faraghani. Mahali hapakutajwa. Watu kadhaa waliweka alama ya kulipenda. Hakuna aliyenunua hata chupa moja.

Kijana yule si mjinga. Aliandika kama tulivyomfundisha, kwamba kuandika vizuri ni kupamba.

Mwaka wa 1975 mwanafalsafa H. P. Grice alichapisha makala akieleza kwamba wanaozungumza hushirikiana, na ushirikiano huo una kanuni nne: kusema ya kutosha, kusema kweli, kusema yanayohusika, na kusema waziwazi. Tangazo la asali lilizivunja zote. Halikusema ya kutosha, kwani lilificha bei. Halikusema kweli, kwani picha haikuwa ya asali ile. Sifa zake hazikuhusika na alichotaka kujua mnunuzi. Na halikuwa wazi, kwa kuwa liliwasemesha wakazi wa Ukunda na Mariakani kwa lugha ambayo si ya sokoni kwao.

Tuliketi kivulini tukaliandika upya: "Asali ya nyuki kutoka Taru. Chupa ya nusu lita, shilingi 400. Kila Jumamosi naileta Mombasa. Unalipa kwa M-Pesa ukishaipokea." Picha ikawa ya chupa yake mwenyewe, mkononi mwake. Nikamsihi ajibu kila swali siku hiyo hiyo, maana mnunuzi asiyejibiwa huenda kwa mwingine. Sitadai kwamba alitajirika. Wiki ile aliuza chupa tano, na mmoja wa wanunuzi, mpishi wa Ukunda, ameagiza tena.

Sisemi Kiingereza kipigwe marufuku. Anayemlenga mtalii wa Diani na aandike Kiingereza, mradi kiwe sahihi. Anayemlenga jirani asiyesoma na atume ujumbe wa sauti kwa Kiduruma. Swali la kwanza la mwandishi yeyote ni lile lile: nasema na nani?

Wako watakaonipinga, wakisema kazi ya mwalimu wa Kiswahili si kufunza uchuuzi. Nawakumbusha kwamba tangazo ni miongoni mwa uandishi wa kiuamilifu tunaoufundisha miaka nenda miaka rudi, na kwamba ujuzi wa kidijitali ni mmojawapo wa umilisi saba wa msingi katika mtaala wetu. Kasoro yetu ni kwamba matangazo ya darasani hayauzi chochote. Mwanafunzi hutangaza tamasha lisilokuwapo, akatuzwa alama, mambo yakaishia hapo.

Napendekeza hivi. Kila mwanafunzi aandike tangazo la kitu kinachouzwa kwao hasa: mbuzi, mayai, mikeka, ushonaji. Wenzake walisome, kisha waulizwe swali moja: je, kwa maneno haya pekee, unaweza kununua? Wakishindwa kutaja bei, kipimo au mahali, tangazo lirudishwe. Wafunzwe pia kuomba idhini kabla ya kuweka picha ya mteja, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inailinda picha ya mtu kama data yake ya kibinafsi.

Katika nyumba nyingi za Kwale, anayeshika kalamu kwa niaba ya mama ni mtoto wa shule. Tukimfunza kupamba tu, tunamnyima mama huyo karo anayoitafuta kwa ajili ya mtoto huyo huyo. Kizuri chajiuza, naam. Lakini sharti kwanza kijulikane ni nini, ni bei gani, na kinapatikana wapi.