Orodha ya Makampuni ya Ushauri Ipangwe kwa Kazi Zao

Anayefungua Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2001, akitafuta makampuni yanayozishauri serikali na mashirika juu ya uongozi na uendeshaji, hukuta majina mengi yaliyopangwa kwa alfabeti. Mpango huo unamfaa msomaji anayelijua tayari jina alitafutalo. Sisi tunaona kwamba kwa nchi changa hautoshi, na kwamba wakati umefika wa kuyapanga makampuni hayo kwa kazi yalizofanya: wapi, lini, kwa nani, na nini kilifuata.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Baada ya Mkataba wa Amani wa mwaka 2005 washauri wa kigeni walimiminika Juba, na tangu uhuru wa Julai 9, 2011 hawajaacha kuja. Afisa wa wizara anayeletewa maombi ya kampuni hana maktaba ya kumsaidia. Ana simu yake tu. Huko husoma mwaka wa kuanzishwa, mji wa makao makuu na idadi ya watumishi. Ana kwa ana na mkataba wa fedha za umma, habari hizo zitamfaa nini?

Wenzetu wa Tanzania wanao mfano mzuri. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiajiri McKinsey, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1926, ishauri juu ya kuupanga upya utawala. Mwaka 1972 ukaanza mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikavunjwa, na baadaye zile za miji, na shughuli za maendeleo zikakabidhiwa Wakurugenzi wa Maendeleo wa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa kuyasogeza madaraka karibu na wananchi, lakini waliyoyapokea ni watumishi wa serikali kuu, hali madiwani waliochaguliwa na wananchi walikuwa wamekwisha ondolewa. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, sheria mpya za serikali za mitaa zikapitishwa mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena mwaka 1984. Ni miaka kumi na miwili.

Haki inatudai tuseme kwamba aliyeamua ni serikali yenyewe. Mshauri alishauri tu. Hatutaki kamusi elezo igeuzwe mahakama. Lakini tukio la ukubwa huo lastahili kukaa mahali ambapo afisa wa Juba, Kampala au Bujumbura atalikuta, chini ya jina la nchi na la kampuni pia. Kadhalika habari za Afrika Kusini, ambako McKinsey ilirudisha takriban randi bilioni 1 mwaka 2018 kwa ajili ya kazi yake katika shirika la umeme la Eskom.

Liko tena tatizo la majina. Andersen Consulting ilijiita Accenture mwaka 2001, na mwaka uliofuata Arthur Andersen, iliyokuwa ndugu yake, ikaporomoka kwa kashfa ya Enron. Booz & Company ilinunuliwa na PwC mwaka 2014 ikawa Strategy&. Monitor, iliyofanya kazi Libya katika enzi ya Gaddafi, ilifilisika mwaka 2012 ikachukuliwa na Deloitte mwaka 2013. Jina likibadilika, kazi za zamani hupotea machoni mwa msomaji. Jeshi letu nalo lilibadilisha jina mwaka 2018, kutoka SPLA kuwa SSPDF, na hakuna mwanahistoria anayeweza kuziandika habari zake kwa jina moja tu. Basi kila jina la zamani la kampuni libaki katika orodha, lenye miaka yake, na kumwelekeza msomaji kwenye jina jipya.

Tena, ni nani aandike? Tangu mwaka 2014 kanuni za Wikipedia zinamtaka anayelipwa kuandika amtaje anayemlipa. Kanuni ni njema, lakini haijilindi yenyewe. Sisi ambao kazi yetu ni uhusiano wa jeshi na wananchi twajua vizuri namna ofisi inavyopenda kujieleza; kwa sababu hiyo hiyo twasema kampuni isiachiwe kuandika ukurasa wake. Nayo makampuni ya wenyeji wa Afrika ya Mashariki, ambayo ni nadra kuonekana humo, yasiingizwe kwa huruma. Yaingie pale gazeti, bunge au mkaguzi wa hesabu za serikali anapokuwa ameandika juu ya kazi zao.

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na yeyote anaweza kuanza leo. Tungependa ukurasa wa kwanza uwe wa Madaraka Mikoani. Walio na taarifa za miaka ile katika makabati ya Dodoma na Dar es Salaam, na wenzetu wa Juba waliohifadhi mikataba na taarifa za washauri tangu mwaka 2005 zilizokwisha kutolewa hadharani, watupe kichwa cha taarifa, mwaka na namba ya ukurasa.