Gari Limeharibika?

Siku ya kwanza nilipompeleka binti yangu shule kwa miguu, jirani alisimamisha gari pembeni yetu, akashusha kioo na kuuliza kwa huruma ya kweli, "Vipi baba, gari limeharibika?"

Nikamwambia ni zima, liko nyumbani. Akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akasema, "Basi pandeni niwasogeze." Nilipokataa akapandisha kioo taratibu, kama mtu anayeaga mgonjwa wodini.

Kutoka kwetu Tabata hadi getini kwa shule ni mita 900. Kwa miguu, na mtoto wa miaka minane anayesimama kutazama kila paka, ni dakika 15. Kwa gari, saa moja na robo asubuhi, ni dakika 20 na matusi mawili matatu. Kwa miaka miwili nilikwenda kwa gari. Ukiniuliza kwa nini, ningekujibu kama wazazi wote wanavyojibu: barabara ni hatari, nitamwachaje mtoto mdogo atembee katikati ya magari?

Barabara yenyewe haina njia ya miguu. Upande mmoja kuna mtaro, upande wa pili kuna fremu za maduka zilizosogea hadi ukingoni. Ina shule mbili. Ya kwanza ni ya kwetu, ya binafsi, yenye ukuta, mlinzi na sweta za rangi ya zambarau. Ya pili, mbele kidogo, ni ya serikali, ya mashati meupe na kaptula za bluu. Watoto wa sweta za zambarau huja kwa gari. Watoto wa mashati meupe huja kwa miguu, na hupita hapo hapo tunaposhushia watoto wetu.

Asubuhi moja ya masika nilikuwa nimechelewa. Nilimshusha binti yangu, nikaona foleni mbele haisogei, nikaamua kurudi nyuma ili nigeuzie kwenye uchochoro. Nikatazama kioo, sikuona mtu. Nikaanza kurudi. Ghafla nikasikia kofi kubwa kwenye buti, kisha sauti ya mama anayeuza vitumbua pale nje: "We baba! Simama!"

Nilishuka nikiwa tayari kugombana. Nyuma ya tairi, pengine hatua moja tu, alichutama mvulana wa shati jeupe. Kiatu chake kilikuwa kimenasa kwenye tope naye alikuwa akikivuta. Kikatoka. Akasimama, akaniona, akasema, "Shikamoo." Kisha akaondoka na kiatu mkononi.

Sikuweza kuitikia. Mama wa vitumbua naye hakusema neno la pili. Aliniangalia tu, akarudi kwenye karai lake.

Tangu siku ile sijaweza kuisema tena ile sentensi ya "barabara ni hatari" bila kujiuliza hatari hiyo inatoka wapi. Kwenye mita 900 zile hakuna simba. Kuna magari, na asubuhi ile gari lilikuwa langu. Nilikuwa nikinunua usalama wa mwanangu na bili nikimwachia mtoto wa mwenzangu, tena yule ambaye mzazi wake hana gari la kumkinga nalo.

Hoja hii naielekeza kwetu sisi tunaoishi karibu na shule, tunaoweza kutembea na hatutaki. Kila mzazi anayemwondoa mtoto wake barabarani kwa kumpakia garini anaiongezea barabara hiyo gari moja. Jirani anaona magari yamezidi, naye anaogopa, anampakia wa kwake. Wanaobaki kwa miguu ni wale wasio na chaguo, na kila mwaka wanazidi kusukumwa kuelekea mtaroni. Halafu tunakaa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi tukilalamikia foleni, kana kwamba imeletwa na mvua.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wa kusoma, kuanzia darasa la awali hadi chuo kikuu. Na hesabu yake haihitaji utaalamu. Dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa, akichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, ameshapita karibu mita 14. Anayekwenda 30 amepita kama mita nane. Katika tofauti hiyo ya mita sita anatosha mtoto na begi lake.

Najua majibu, maana niliyatumia mwenyewe. "Watoto wanatekwa." Hofu hiyo siichezei, lakini sijasema mtoto aende peke yake. Nimesema tembea naye, au mpokezane na wazazi wenzako: Jumatatu wewe, Jumanne jirani, mtu mzima mmoja na watoto sita. "Sina muda." Mimi kwa miguu nafika mapema kuliko nilivyokuwa nikifika kwa gari. "Shule ni mbali." Kama ni mbali, au kama njiani kuna barabara kama ya Mandela, maneno haya si yako. Mpandishe basi la shule. Na wewe unayetumia daladala, mahali konda anapomsukuma mwanafunzi kwa sababu nauli yake ni ndogo, mbona hatupazi sauti pamoja? Kelele zetu tunazimalizia getini, tukigombea nafasi ya kuegesha.

Jibu la mwisho halisemwi kwa sauti, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote: watu watasema nini? Mji huu umetufundisha kwamba kutembea ni ushahidi wa kushindwa. Ndiyo maana jirani yangu alinihurumia. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na sisi tunachelea hata jasho lake.

Nililipeleka jambo hili kwenye kikao cha wazazi. Niliomba barabara mbele ya geti ifungwe kwa magari kwa dakika 45 tu asubuhi, wenye magari washushie watoto mita 200 nyuma, kwenye uwazi karibu na soko. Mzazi mmoja akasimama: "Tunalipa ada. Mtoto wangu anashuka getini." Akapigiwa makofi. Mimi nilikaa chini.

Lakini nilichoomba si ndoto. Mji wa Bolzano, Italia, ulianza kufunga barabara za mbele ya shule saa za kuingia na kutoka tangu mwaka 1989, na leo London ina mamia ya barabara za namna hiyo. Wala hatuhitaji kwenda Ulaya. Hapa hapa Dar es Salaam shirika la Amend limekuwa likienda kwenye shule ambazo watoto hugongwa sana na kufanya mambo madogo: njia ya miguu, matuta, vigingi vya kuzuia magari, kivuko, wakati mwingine kuhamisha geti tu ili lisifungukie barabara kubwa. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross Center Prize for Cities. Dunia ilikuja kutupongeza kwa matuta na vigingi, na sisi bado tunabishania nani ashushe mtoto karibu zaidi na mlinzi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kama unaishi chini ya kilomita moja na nusu kutoka shuleni, liache gari wiki hii, siku mbili tu kwa kuanzia. Kama ni lazima uendeshe, shusha mtoto mbali na geti, na usirudi nyuma hapo kwa sababu yoyote ile. Na barua ya kuomba njia ya miguu tuipeleke serikali ya mtaa na TARURA ikiwa na saini za wazazi wa shule zote mbili, za zambarau na za mashati meupe, kwa kuwa barabara ni moja.

Yangu nimeshaiandika. Mpaka leo ina saini 11. Ya kwanza ni ya mama wa vitumbua. Ya jirani yangu bado, ila juzi aliniuliza tunatoka nyumbani saa ngapi.